Nilibeba mzani nikaingia nao kwenye lifti

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa binti mmoja wa kidato cha tatu: "Shikamoo kaka. Nimepata 14 Fizikia. Nyumbani wananiambia niiache nibaki na masomo ya sanaa. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Sikukujibu usiku ule kwa sababu hiyo 14 yako ilinitonesha kidonda. Mimi nilipata 9.

Mwalimu alisoma alama kwa sauti, kuanzia juu kushuka, na kila aliyetajwa akaenda mbele kuchukua karatasi yake. Mwishoni nikabaki peke yangu. Akaniangalia, akasema, "Wewe Newton angekuona angeacha kazi." Newton ni yule mwanasayansi wa sheria za mwendo. Darasa likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ningefanya nini? Leo nafundisha tuisheni, na wapo niliowafundisha walioingia chuo kikuu, lakini kila nikishika chaki naisikia sentensi ile. Mwalimu, kama unasoma hapa, Newton bado yupo kazini, na mimi nipo naye.

Kidato cha nne nikapata F, nikarisiti. Mwaka ule sitausimulia wote. Mchana vocha, usiku daftari. Nitasimulia siku moja.

Kilichokuwa kinanimaliza ni neno uzito. Dukani kwa Mangi, uzito ni kilo mbili za mchele. Darasani uzito unapimwa kwa newtoni, na kilo ni habari nyingine. Tunafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nilikariri maneno mawili ya Kiingereza, mass na weight, huku kichwani yote nikiyatafsiri "uzito". Hakuna aliyenikalisha akaniambia kwamba kilo za Mangi ni tungamo, yaani wingi wa kitu chenyewe, na uzito ni jinsi dunia inavyokivuta kitu hicho. Kiroba cha unga cha kilo 25 ukikipeleka mwezini kitakuwa chepesi karibu mara sita, mtoto atakibeba. Lakini unga haujapungua hata kijiko, na sufuria za ugali zitakuwa zilezile.

Sasa siku yenyewe. Nje ya jengo moja refu pale Posta alikuwepo kijana anayepima watu uzito, shilingi mia mbili, mzani wa mshale. Nikampa elfu moja aniazime dakika kumi. Alinitazama kama mwizi, akaamua kunifuata. Tukaingia wawili kwenye lifti, nikapanda juu ya mzani, nikabonyeza ghorofa ya kumi. Mshale ulikuwa kwenye 62. Lifti ilipong'oka ukaruka mpaka 66. Katikati ya safari, lifti ikiwa inakwenda kwa mwendo uleule, ukarudi 62. Ilipoanza kupunguza mwendo ukashuka 58, kisha ikasimama, 62 tena. Yule kijana akasema, "Kaka, mzani wangu umeharibika!" Tulishuka na kupanda mara tatu mpaka mlinzi akatufukuza.

Mzani haukuwa mbovu. Sikunenepa wala sikukonda ndani ya sekunde ishirini, na dunia haikubadili namna inavyonivuta. Mzani husoma jinsi sakafu inavyokusukuma miguuni, basi. Lifti ikichapuka kwenda juu, sakafu inasukuma zaidi. Ikipunguza mwendo, inasukuma kidogo. Na ikienda kwa mwendo usiobadilika, hata uwe mkubwa kiasi gani, mshale unakaa palepale kana kwamba umesimama uwanjani. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifumbua macho. Miaka yote niliamini kitu kinachokwenda lazima kiwe kinasukumwa.

Je, kamba ya lifti ikikatika? (Usijaribu, na lifti zina breki zake.) Wewe na mzani mngeanguka pamoja, mshale ungesoma sifuri. Mwaka 1907 Albert Einstein, akiwa mwajiriwa wa ofisi ya hataza (inayosajili uvumbuzi) mjini Bern, Uswisi, aliwaza jambo hilohilo: mtu anayeanguka hausikii uzito wake. Akalifuata wazo hilo miaka minane, na mwaka 1915 akaja na maelezo mapya ya uvutano, kwamba tungamo hupinda nafasi na wakati. Watu husema hayo ni ya vichwa vikubwa. Lakini bodaboda anayekuletea chipsi kwa ramani ya simu anayatumia. Saa zilizomo kwenye satelaiti za GPS, zinazoiambia simu ipo wapi, zipo zaidi ya kilomita 20,000 juu, na hasa kwa sababu ya kupinda huko kwa wakati zinatangulia za hapa chini kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Zisiporekebishwa, kwa siku moja ramani ingepotoka kilomita kama kumi, na chipsi zako zingefika Mbagala wewe ukiwa Kariakoo.

Ushauri wangu ndio huo, mniwie radhi nikianza kuhubiri. Acheni kudesa fomula kabla hamjaona kitu chenyewe. Mnabeba pasti pepa za miaka kumi, mnajua jibu la swali la tano, mkibadilishiwa namba tu mnaduwaa. Mimi nilikuwa bingwa wa hayo! Ona kwanza, jiulize nani anamsukuma nani, chora mishale ya kuonyesha kila msukumo unaelekea wapi, fomula ije mwisho. Ukipanda daladala, jiulize. Dereva akikanyaga breki nawe umesimama, jiulize tena. Nasema hivyo kila wiki na bado naletewa madaftari yasiyo na mshale hata mmoja.

Binti, umeniuliza uache au usiache. Kesho chukua chupa tupu ya maji, itoboe kwa msumari karibu na kitako, ijaze, usiifunge. Maji yataruka nje kupitia tundu. Panda kwenye kiti, iachie ianguke, na mdogo wako akae pembeni akilitazama lile tundu chupa ikiwa bado hewani. Kisha uniandikie ameona nini.