Kuta zinazomwagwa chini kisha kusimamishwa

SWALI: Shikamoo, fundi. Najenga ghala la alizeti. Kijana wa saiti anasema kuta zitamwagwa zege chini, juu ya sakafu, kisha kreni izisimamishe. Si kujaribia mambo kwenye pesa yangu?
Msomaji, Kizota, Dodoma

JIBU: Marahaba. Njia hii ina zaidi ya miaka 100. Robert Aiken aliitumia Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1914 msanifu Irving Gill aliinua nayo kuta zenye matao za Woman's Club, jengo la chama cha wanawake huko La Jolla, California. Mwaka 1922 msanifu Rudolph Schindler akajenga nyumba yake West Hollywood, akaacha upenyo mwembamba wa kioo kati ya ukuta na ukuta. Naipenda mno hiyo: pale wengine wanapoziba, yeye alipitisha mwanga. Kreni za magurudumu ndizo zilizoieneza kwenye maghala, baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Wewe kagua sakafu. Ukuta huiga kila shimo lililopo chini yake. Ipakwe yote dawa ya kuzuia zege lisishikane, hadi pembeni kabisa. Niliwahi kushuhudia kona moja ikisahaulika. Kreni ikavuta, ukuta ukatoka na kipande cha sakafu, nondo nje.

Na upepo wetu wa Agosti, mama au baba, hukausha zege kabla halijakomaa. Lifunike kwa magunia, mwagilia siku 7. Vyuma vya kuegemeza kuta visitolewe mpaka paa lifungwe.