Jeli haiharakishwi: kutengeneza lenzi kwa soli-jeli Kampala

Jeli yangu ya kwanza niliiacha mezani Ijumaa jioni ikiwa nzima, safi kama maji ya mtungini. Jumatatu nikakuta changarawe. Hakuna aliyeigusa. Kosa lilikuwa langu: nilifunua kifuniko ili ikauke upesi, tena Januari, jua la Kampala likiwa kali.

Wanaoniuliza kuhusu soli-jeli, njia ya kupata glasi kutoka kimiminika kinachoganda kuwa jeli, karibu wote huanza na tanuri: linafika nyuzi ngapi, linauzwa wapi. Nawaelewa, tumezoea kwamba glasi ni kazi ya moto. Mchanga mweupe wa Bukakata, kule ufukweni upande wa Masaka, ukitaka kuuyeyusha peke yake bila magadi utapita nyuzi 1,700. Soli-jeli inauzunguka mlima huo. Unaanza na kimiminika, kinaganda, unakikausha, kisha nyuzi 1,100 au 1,200 hivi zinatosha kuziba vitundu vilivyobaki. Lakini kwa niliyoyaona, lenzi hufa au kupona wakati wa kukausha. Tanuri huja kutangaza matokeo tu.

Kuchanganya si kazi ngumu. TEOS, kimiminika kinachobeba silika (ndiyo iliyomo kwenye mchanga ule mweupe), haipatani na maji. Ethanoli, yaani pombe safi, ndiyo msuluhishi, na matone machache ya asidi hidrokloriki huanzisha shughuli. Mimi hutumia moli (kipimo cha kemia cha kuhesabu molekuli) moja ya TEOS, nne za ethanoli na nne za maji. Chombo kikianza kupata joto mkononi, ujue mambo yameanza. Mzee jirani yangu wa Nsambya aliniuliza kama waragi, pombe kali ya Uganda, haifai badala yake. Haifai, Mzee: ina maji usiyojua kiasi chake, na hapa kiasi cha maji ndicho kinachoamua. Halafu kuna TMOS, ndugu yake TEOS, ambayo huganda upesi zaidi. Mvuke wake huunguza konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, na unaweza kukupofusha. Mtengeneza lenzi apofuke! Achana nayo.

Mimina kwenye kikopo cha plastiki. Jeli hung'ang'ania glasi, na kwa kuwa inasinyaa, ikishikwa upande mmoja inajichana.

Sasa kukausha. Ndani ya jeli mna vitundu vyembamba mno, upana wa nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), vilivyojaa ethanoli na maji. Kimiminika kinapotoka, uso wake huvuta kuta za kitundu kwa nguvu inayoweza kufika mara mia mbili ya kanieneo ya hewa. Ukingo ukikauka kabla ya katikati, sehemu moja inasinyaa na nyingine inagoma, na hapo ndipo ufa unapozaliwa. Kwa hiyo kwanza naiacha jeli ikae wiki nzima imefunikwa kabisa, ndani ya kimiminika chake, ikomae na kupata nguvu. Baadaye nafunika kwa karatasi ya alumini, natoboa matundu matatu kwa pini, napima uzito kila asubuhi. Uzito ukishuka ghafla, naziba tundu moja. Kisahani cha jeli chenye unene wa kidole kilinichukua wiki saba. Cha ajabu, masika yalinisaidia, maana hewa yenye unyevu haina pupa. Hata Jacques-Joseph Ebelmen, Mfaransa aliyeiona silika ya namna hii ikigeuka glasi katika miaka ya 1840, aliiacha tu kwenye hewa yenye unyevu ikajifanyia kazi polepole.

Ikishakauka usidhani umepona. Tone moja la jasho lilinipasulia kipande mkononi. Nilisikia "tik", basi.

Kwenye tanuri, panda taratibu na utulie kwenye nyuzi 500 hivi hadi mabaki yote ya ethanoli yaungue. Vitundu vikizibwa mapema, kaboni hunaswa ndani na glasi inakuwa nyeusi, au maji yaliyojificha yanaifurisha kama andazi. Umeme ukikatika, na utakatika, usifungue mlango kuchungulia. Liache lipoe lenyewe.

Jambo la mwisho ni vipimo, maana hapa watu wengi hulia. Kalibu yangu ilikuwa na kipenyo cha milimita 30. Lenzi ikatoka na 13. Nusu kipenyo cha mpindo wa uso nacho hupungua kwa uwiano uleule, kwa hiyo kalibu ichongwe kwa hesabu ya baada ya kusinyaa. Hiyo ya 13 ina kiputo pembeni, lakini naiweka juu ya noti ya elfu moja na kusoma maandishi madogo bila shida.

Kalibu mpya, ya milimita 60, alinichongea fundi wa Katwe. Jeli yake iko rafuni chini ya alumini, wiki ya tatu sasa. Bado ina matundu matatu.