Maswali na Majibu: Mbwa Anayenguruma, Paka Anayekojoa Kitandani na Wenzao

Barua za mwezi huu zinafanana kwa jambo moja: nimemchapa, nimemfokea, bado anarudia. Kabla hujatafuta jibu la swali lako hapa chini, chunguza mambo mawili. Kwanza, mnyama ni mzima? Maumivu ya kibofu, sikio, jino au viungo mara nyingi huonekana kama utundu tu. Pili, kama ni mzima, anapata nini kwa kufanya anachofanya? Mbwa na paka hurudia kile kinachowafaa. Tunaanza na barua isiyoweza kusubiri.

Mbwa wa jirani, mpole siku zote, tangu jana anapepesuka, mate yanamchuruzika na hata maji hayamezi. Babu anasema mfupa umemkwama, anataka kumfungua kinywa autoe. Je, ni sawa? — Msomaji, Ifakara

Hapana, na tafadhali mzuieni babu sasa hivi. Mbwa aliyebadilika ghafla, akatokwa na mate na kushindwa kumeza, achukuliwe kuwa ana kichaa cha mbwa mpaka daktari wa mifugo aseme vingine. Koo limepooza, taya limelegea, ndiyo maana anaonekana kama aliyekwamwa na mfupa. Watu huambukizwa hivyo hivyo, kwa mkono uliotiwa kinywani kwa huruma. Wala msitegemee kwamba mwenye kichaa lazima awe mkali. Wengine hunyamaza na kujificha gizani.

Ondoeni watoto, mfungieni uani bila kumgusa, mpigieni simu afisa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa hadi ngozi ikachubuka, au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Mate yakiingia jichoni, asafishe kwa maji mengi matupu, naye aende vilevile. Asipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Chanjo hutolewa kwa awamu, na mwenye majeraha mabaya huongezewa kingamwili, yaani kinga iliyokwisha kutengenezwa, kwenye jeraha lenyewe; azimalize sindano zote. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mbwa wenu wachanjwe wakifika miezi 3, kisha kila mwaka. Sehemu nyingi kampeni za chanjo hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Shikamoo daktari. Mbwa wetu ananguruma mtoto wa miaka minne akipita karibu na bakuli lake. Marafiki wanasema nimnyang'anye chakula mara kwa mara ili ajue nani mkubwa hapa nyumbani. — Msomaji, Mwanza

Marahaba. Marafiki wana nia njema, lakini njia hiyo ndiyo inayozaa mbwa wanaong'ata. Ananguruma kwa kuwa anahofia kunyang'anywa, ukimnyang'anya, umemthibitishia. Ukimpiga kwa sababu ya kunguruma, hofu inabaki ila onyo linaondoka, na siku moja atang'ata bila kutoa sauti. Shukuru kwamba bado ananguruma.

Kuanzia leo ale peke yake ndani ya banda lililofungwa komeo, na bakuli liondolewe akishatoka. Mtoto wa umri huo hafundishwi kumkabili mbwa, anawekewa mlango kati yao. Mazoezi ni ya mtu mzima. Weka chakula chake cha kawaida, tuseme ugali na dagaa, kisha simama umbali ambao anaendelea kula bila wasiwasi, mara nyingi mita 3 hivi. Rusha kipande cha nyama iliyochemshwa bila chumvi, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kianguke karibu na bakuli. Geuka uondoke. Rudia mara 8 hadi 10 katika mlo mmoja, bila kumwongelesha, bila kuinama, bila kumkodolea macho. Akianza kuinua kichwa kwa furaha unapokuja na kutazama mkono wako, siku inayofuata punguza nusu mita.

Wengi huharibu hapo hapo. Wakiona mkia unacheza, wanaruka kutoka mita 2 hadi kushika bakuli, na kazi ya wiki nzima inapotea. Soma mwili wake, usingoje sauti: anaanza kula kwa pupa, shingo inakakamaa, kichwa kinazama bakulini, weupe wa jicho unajitokeza pembeni. Ukiviona hivyo umesogea mno, rudi umbali wa jana. Tarajia wiki kadhaa. Hata mkifanikiwa, mtoto aendelee kukaa mbali mbwa anapokula. Na kama tayari amekwisha kumng'ata mtu, usijaribu mazoezi haya peke yako. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza, akague na meno.

Hamjambo. Paka wangu dume wa miaka miwili ameanza kukojoa kitandani. Beseni lake la mchanga liko bafuni, pembeni ya mashine ya kufulia. Nimemchapa, nimemsugua pua kwenye godoro, ndiyo kwanza anazidi. — Msomaji, Mombasa

Hatujambo, dada. Anza na hili leo: mfuatilie akienda haja. Akiingia na kutoka beseni mara nyingi, akijikamua, akilia, akitoa matone tu au damu, au akijilamba sana sehemu za siri, mpeleke kwa daktari usiku huo huo. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba na huziba. Iliyoziba kabisa huharibu figo na kuua ndani ya siku chache.

Kama mkojo unatoka vizuri, angalia anavyokaa. Akisimama, mkia juu ukitetemeka, na mkojo ukaruka ukutani au kwenye mlango, huyo anaweka alama ya mipaka, na dawa ya kwanza ni kumhasi: karibu tisa kati ya kumi hupunguza au huacha kabisa. Akichuchumaa na kuacha dimbwi juu ya godoro, tatizo liko kwenye choo chake. Kwa barua yako tunadhani ni hili la pili, na tunaishuku mashine ya kufulia. Ikianza kuzungusha nguo yeye akiwa ndani ya beseni, mara moja inatosha kumtia hofu ya mahali pale. Kitanda ni laini, kimekauka, kina harufu yako, na hakipigi kelele.

Hamishia beseni kwenye kona tulivu, mbali na bakuli la chakula. Urefu wake uwe angalau mara moja na nusu ya mwili wa paka bila mkia. Mabeseni mengi ya dukani ni madogo mno, la kufulia nguo lenye ukingo mfupi linafaa zaidi. Mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha sentimita 5 hadi 7, usio na manukato. Chota uchafu asubuhi na jioni, mwaga wote na uoshe beseni kwa sabuni ya kawaida kila wiki. Idadi ya mabeseni ni idadi ya paka kuongeza moja, kwa hiyo yeye anahitaji mawili, yasiwekwe chumba kimoja.

Godoro usilisafishe kwa dawa za klorini wala amonia, kwa sababu mkojo wenyewe una harufu ya amonia na utamrudisha pale pale. Kausha kwa kitambaa, osha kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya (viambato vinavyovunjavunja uchafu), sehemu 1 kwa 9 za maji ya vuguvugu, suuza, kisha futa kwa spiriti. Jaribu kwanza pembeni kidogo, isije ikachujua rangi. Anika juani, na chumba kifungwe mpaka apite wiki mbili bila kukosea. Kumsugua pua acha kabisa. Hakumfundishi choo kilipo, kunamfundisha kukojoa usipomwona.

Mbwa wetu amefungwa mnyororo mchana, tunamfungulia saa nne usiku. Anabwekea kila mpita njia hadi alfajiri na majirani wametuchoka. Nikimfokea dirishani ananyamaza kidogo tu halafu anaendelea. — Msomaji, Thika

Tazama mambo kwa upande wake. Mtu anapita, yeye anabweka, mtu anaondoka. Huyo mtu alikuwa anaenda zake, ila mbwa anaamini amemfukuza, na kila usiku anapata ushindi mwingine. Ukimfokea kutoka dirishani, anakusikia kama mwenzake anayebweka upande wake.

Mnyororo ndio mzizi. Mbwa aliyekaa saa kumi na sita mahali pamoja hufunguliwa akiwa na nguvu za siku nzima. Mtembeze kwa kamba nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, umwache anuse atakavyo, maana kunusa nako humchosha. Kama uzio haujakamilika na lazima afungwe, vuta waya kati ya nguzo mbili, pete ya kamba yake iteleze juu yake, kuwe na kivuli na maji, na pasiwe na kitu cha kujisonga. Sehemu ya geti inayoonyesha barabara zibeni kwa bati hadi juu ya usawa wa macho yake. Hilo peke yake hupunguza kelele sana.

Kisha fundisha "kimya" wakati wa mchana. Akibweka mara mbili au tatu, mfuate, weka nyama mbele ya pua. Hawezi kunusa na kubweka kwa pamoja, atanyamaza. Sema "kimya" kwa sauti ya kawaida, hesabu hadi 2, mpe. Ongeza hadi 5, 10, 20. Akibweka kabla hujamaliza kuhesabu, anza upya kwa muda mfupi zaidi. Msihofu kwamba mtapoteza mlinzi. Mbwa anayebwekea kila kitu hamna anayeamka kumsikiliza.

Mtoto wa mbwa wa wiki kumi anang'ata mikono na miguu ya watoto hadi damu. Atakuwa mkali? — Msomaji, Bujumbura

Si ukali. Ana meno ya utotoni 28, membamba kama sindano, na anacheza nanyi kama angecheza na nduguze. Watoto wanaokimbia wakipiga mayowe wanamchangamsha zaidi. Wafundisheni kusimama tuli, mikono kifuani. Jino likigusa ngozi mchezo unakoma, mtu mzima anatoka na kufunga mlango kwa sekunde 30, kisha anarudi kama kawaida. Watu wote wa nyumbani wafanye vivyo hivyo, kwani mmoja akimruhusu hatajifunza. Mpeni kitambaa kizito kilichofungwa fundo, kikalowekwa na kugandishwa. Kuanzia kama miezi minne meno yanapobadilika atakihitaji mno. Na alale. Watoto wa mbwa hulala hata saa 18 kwa siku, na anayeng'ata sana jioni mara nyingi ni mchovu. Hata hivyo jeraha lililotoka damu lioshwe kwa dakika 15 na mtoto apelekwe kituo cha afya, maana umri huo mbwa huyo hajachanjwa bado.

Usiku wa mwaka mpya mbwa wangu alikata kamba na kupotea siku mbili kwa ajili ya fataki. Nifanyeje mwaka huu? — Msomaji, Dar es Salaam

Usimfunge kabisa usiku huo; mwenye hofu hujinyonga kwa kamba yake. Mtembeze kabla ya giza, mwingize ndani, funga madirisha na mapazia, washa redio kwa sauti ya wastani. Akijificha chini ya kitanda mwache huko. Kumbembeleza hakuongezi hofu, endelea kama anataka. Namba yako ya simu iandikwe kwenye kola. Dawa za usingizi za binadamu usimpe. Muone daktari wa mifugo wiki mbili kabla, uombe dawa ya kutuliza hofu, kwani zipo zinazolegeza mwili tu huku akili ikiendelea kuogopa. Miezi kadhaa kabla ya Desemba, mchezee sauti za fataki kwenye simu, chini kabisa, dakika 5 kwa siku pamoja na nyama, ukipandisha polepole. Akiacha kula, umepandisha mno.

Mbwa amekula kuku watatu na mayai. Nimeshauriwa nimfunge kuku aliyekufa shingoni. — Msomaji, Singida

Usifanye hivyo. Mzoga utaoza, atapata vidonda, na hatahusisha harufu hiyo na kuku anayekimbia mbele yake. Kwa mbwa aliyekwisha kuonja, dawa ni wavu imara, chini yake ukizikwa sentimita 30 asichimbe. Mayai yaokoteni asubuhi na alasiri. Mayai ya kutiwa pilipili ili kumkomesha hayasaidii, hujifunza kuyatambua kwa pua. Mbwa mchanga bado anafundishika: mshike kwa kamba ya mita 5 mbali na banda, na kila akiwaacha kuku na kukutazama wewe, mpe nyama.

Paka anararua kochi jipya. — Msomaji, Zanzibar

Lazima akwaruze, ndivyo anavyovua magamba ya kucha na kunyoosha mgongo. Mpe gogo la sentimita 90 kwenda juu, lililozungushiwa kamba ya katani kwa nguvu, kitako kizito lisiyumbe. Liwekwe mbele ya kona ile ile anayoirarua, si stoo. Kona ya kochi ifunikwe nailoni wiki tatu. Akishalizoea gogo, lisogezeni sentimita chache kwa siku hadi mnapopataka. Ncha za kucha zikatwe kila baada ya wiki mbili au tatu, bila kufika sehemu ya waridi yenye damu.