Unyoya wa bluu ukitwangwa bluu inaenda wapi?

SWALI: Shikamoo. Mi niko Mikindani, mwanangu kaokota unyoya wa mdiria huku kwenye mikoko, bluu imekolea kweli, akautwanga kwenye jiwe apate rangi ya kuchorea, ikatoka unga wa kahawia tu. Bluu imeenda wapi?

JIBU: Marahaba, na huyo mtoto mpe hongera maana hapo kafanya sayansi yenyewe. Bluu haikuwemo kama rangi ya kupakwa. Unyoya ni keratini, jamii moja na kitu cha kucha zetu, na ndani yake kuna vitundu vya hewa vidogo mno kwa jicho, sasa mwanga wa jua ukiingia humo ile bluu ndo inarudishwa nje kwetu, mwingine unamezwa na melanini, rangi nyeusi iliyo chini yake, kwa hiyo ukitwanga umevunja vile vitundu na kinachobaki ni hiyo melanini, ndo huo unga wa kahawia. Melanini ndege anajitengenezea mwenyewe, ndo nyeusi ya kunguru, tena inaufanya unyoya uwe mgumu usilike haraka.

Nyekundu na njano mara nyingi zinatoka kwenye msosi. Flamingo wa Ziwa Natron anazaliwa kijivu kabisa, anapata upinki kwa kula vijimea vya majini vyenye karotini, jamii ya ile iliyomo kwenye karoti na mawese.

Mwambie ajaribu na unyoya wa kunguru, atwange, aone kama weusi utapotea.