Dozi nne kwa UTI isiyoniuma

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nina kisukari, kila nikipima mkojo naambiwa nina bakteria, lakini siumwi popote. Nimeshamaliza dozi tatu. Nifanyeje?" Nilisoma ujumbe ule nikacheka, kisha nikakasirika, maana ndiyo hadithi yangu mwenyewe.

Mimi nilifika dozi nne ndani ya mwaka mmoja. Nikipima, karatasi inasema bakteria wapo. Nameza. Baada ya miezi miwili wapo tena. Mtaani wakaniambia hiyo ni "UTI sugu", yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyosikia dawa, mama mmoja akataka kuniuzia mizizi. Dozi ya kwanza na ya pili ziliniachia fangasi, ya tatu ikaniharisha. Ya nne ilikuwa antibayotiki iitwayo siprofloksasini, juu ya glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari ninayomeza kila asubuhi. Hakuna aliyeniambia kwamba hizo mbili zikikutana sukari inaweza kuporomoka. Usiku wa pili nilitota jasho, mikono inatetemeka, mashine ikasoma 2.6. Binti yangu alininywesha soda huku analia. Hilo sijalisamehe.

Daktari wa kliniki ya kisukari ndiye aliyenifungua macho. Aliniuliza: unaungua ukikojoa? Una homa? Ubavu unauma? Hapana, hapana, hapana. Basi akafunga faili. Akanieleza kuwa wanawake wengi wenye kisukari hubeba bakteria kwenye mkojo bila madhara. Kule Manitoba, Kanada, waliwafuatilia wanawake 105 wa aina yetu, utafiti ukachapishwa mwaka 2002. Waliotibiwa, asilimia 42 waliugua UTI yenye dalili. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 40. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye antibayotiki: waliotibiwa walizimeza siku nyingi karibu mara tano.

Kwa hiyo dada, kama huumwi, usimeze. Usipime mkojo kwa wasiwasi tu, maana ukiwatafuta utawapata. Hata chembe za usaha kwenye karatasi peke yake si sababu ya kumeza. (Kukojoa mara kwa mara nako kabla hujasingizia UTI, angalia sukari yako kwanza.) Narudia: kama huumwi, usimeze.

Ila usinielewe vibaya. Ukiwa mjamzito, hapo unapimwa na kutibiwa hata bila dalili, kwa sababu bakteria hao wanaweza kupanda hadi kwenye figo. Vivyo hivyo kama unaandaliwa upasuaji wa njia ya mkojo. Na ukianza kuungua, homa au maumivu ya ubavu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, wakaoteshe mkojo wajue dawa inayofaa. Duka la dawa si hospitali, jamani! Tunajimaliza kwa kujipendekeza kwa vidonge.

Mimi sasa ni mwaka wa pili sijameza hata kimoja cha UTI. Yule kijana wa duka la dawa kila nikipita ananiuliza mbona nimepotea.