Muulize Shangazi: Mchekeshaji wa kusimama mbele ya wakwe

SWALI: Shikamoo Shangazi. Sisi ni Wapare, na binti yetu anaagwa Desemba. Wakwe wanatoka Machame. Harusi ya mwisho niliyohudhuria, mshereheshaji alimtania bibi harusi habari za usiku wa kwanza, kwa maneno ambayo kalamu yangu inakataa, na baba mzazi wa binti amekaa meza ya mbele. Mzee akainuka akatoka, simu sikioni, na haikuwa imeita. Nataka wageni wacheke, ila aibu ile siitaki. Mume wangu anasema mchekeshaji asiyegusa mambo hayo ni wa watoto wa chekechea, watu watasinzia. Nifanyeje? – Mama wa bibi harusi, Same.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kukuza.

Barua za namna yako siku hizi haziniishii mezani. Kamati za harusi, walimu wa mahafali, viongozi wa kwaya, hata watu wa kampuni wanaoandaa siku ya familia, wote wananiuliza jambo lilelile: nani tumkabidhi kipaza sauti bila mioyo kutudunda?

Tusijifanye sisi ni watu wa kuogopa maneno. Kungwi ndani ya unyago husema yote, tena kwa nyimbo na kwa viuno. Mlango umefungwa, waliomo ni wanawake, na mwari anatakiwa ajue. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Ugomvi wangu ni na mtu anayelichukua neno la chumbani akalimwaga ukumbini, mahali ambapo baba mkwe, mkamwana wake na watoto wa darasa la tatu wanakula pilau meza moja. Kwa makabila yetu mengi mtu na mkwewe hata kutazamana ni kwa adabu. Sasa unawalazimisha wasikie pamoja habari za kitandani, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake amesikia. Watu watacheka, ndiyo, lakini ni kucheka kwa kuficha uso, na wewe mwenye shughuli ndiye utakayebaki nako ukweni.

Baba watoto mwulize: miaka ile Ze Comedy inaruka EATV, nyumba gani ililala? Masanja, Joti, Mpoki na wenzao waliigiza wakubwa wa nchi, mwendo wao, sauti zao, hata namna wanavyoshika miwani, na bibi alikuwa anacheka kwenye mkeka uleule na mjukuu. Mzee Majuto wa Tanga, Mungu amrehemu, aliyetuacha Agosti 2018, alitosha kugeuza macho tu baada ya kuulizwa deni lake. Jirani zetu Kenya walikuwa na Mzee Ojwang' na Mama Kayai kwenye kipindi cha televisheni cha Vitimbi, na kingine cha Vioja Mahakamani, ambako mshtakiwa anabishana na mahakama kwa Kiswahili cha kijijini kwao mpaka kesi inapotea njia. Hakuna mtoto aliyefukuzwa sebuleni. Huyo atakayesema Ojwang' alikuwa wa chekechea simjui.

Halafu wewe una hazina ambayo wengine hawana. Mpare anamwozesha Mchaga! Hao ni watani. Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mchaga akizimia, dondosha sarafu sakafuni, ataamka aulize ni ya nani. Kila mtu ukumbini anaijua mizaha hiyo tangu utoto na bado ataishika mbavu, kwa sababu utani una ruhusa: mtani anaweza kuingia hata msibani, akavaa nguo za marehemu na kumwiga, wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Mtu akipewa uwanja mpana namna hiyo akakimbilia chumbani kwa maharusi, huyo kazi haijui, usimlipe.

Unapomtafuta, usikubali klipu ya sekunde thelathini. Klipu imekatwa. Omba video ya sherehe nzima, uitazame ukiwa na mama yako mzazi kando. Mahali utakapotaka kuinuka kwenda kuangalia jikoni, hapo umeshapata jibu. Mkikubaliana bei, mweleze nani watakaa meza kuu, nani ni mgonjwa, nani amefiwa karibuni, nani hataniwi kabisa. Waandishi wake ni ninyi kamati: mpeni vituko halisi, bwana harusi alivyopotea njia siku ya kuleta barua ya posa, shangazi anayehesabu soda. Kwenye karatasi ya makubaliano andikeni kwa Kiswahili cha wazi kwamba habari za kitandani, maumbile ya watu na ulemavu hazitaguswa, na sehemu ya malipo ibaki mpaka sherehe iishe. Na muda ujulikane. Wachekeshaji wasafi wengi huharibikia dakika ya arobaini, akiba imeisha, ukumbi unaanza kupoa, hapo ndipo mtu anapopapasa tusi. Mpeni vipande vifupi, muziki uingie katikati.

Mume wako mpe kazi ya kukaa na mshereheshaji siku ya kikao. Ataelewa.

SWALI: Shangazi, mimi ni mchekeshaji chipukizi. Video zangu za heshima zinatazamwa na wachache, nikitia matusi zinapaa. Wenzangu wananiambia nisijitese. – Kijana, Mwanza.

JIBU: Mwanangu, kutazamwa na kualikwa ni mambo mawili. Anayekutazama kwa siri, simu kaishusha sauti, hawezi kukupeleka kwao ukachekeshe mama yake. Anayelipa ni kamati, ni shule, ni kanisa, ni kampuni, ni kituo cha televisheni, na vituo navyo vina masharti: Kenya, kwa mfano, maudhui ya watu wazima hayaruhusiwi hewani kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Saa ambazo familia ziko macho zote zimo humo. Wewe utaruka saa ngapi?

Fanya hivi. Chukua kile kichekesho chako kinachopaa, kiandike daftarini, kisha futa lile neno. Kikibaki na mtu, tamaa yake, uongo wake na namna unavyomgeukia, unacho, kinyooshe tu. Kisipobaki na kitu, ujue watu walishtuka, hawakucheka. Kisha nenda ukasikilize watu stendi, kwenye foleni ya zahanati, kwenye mwalo samaki wanapopigiwa bei asubuhi. Mama wa dagaa anayeapa kwamba anauza kwa hasara, na huku anafunga noti kwenye kanga, ana dakika tano za jukwaa ndani yake.

Mahafali ya darasa la saba yanakaribia. Mwandikie mwalimu mkuu wa shule uliyosoma, omba dakika kumi mbele ya wazazi, na kwa mara ya kwanza nauli na sahani ya chakula vikutoshe. Kaa na wazazi kabla hujapanda jukwaani, uwajue.