Asetoni, Kucha za Jeli na Jiko la Chumbani

SWALI: Natengeneza kucha za jeli nyumbani, kwenye bedsita. Asetoni ya kutolea jeli nanunua kwa lita na kuiweka kwenye chupa ya soda. Jeli haitoki nisipoikwangua kwa nguvu. Nimeambiwa nipashe asetoni kwenye jiko ifanye kazi haraka. Ni sawa?
Msomaji, Umoja

JIBU: Jiko lisahau kabisa. Asetoni huchemka kwenye nyuzi 56, na hapa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka hata kabla ya hapo. Mvuke wake hushika moto hata asetoni ikiwa baridi kama barafu. Tena ni mzito mara mbili ya hewa: haupandi dirishani, hutambaa sakafuni, na ukikuta jiko linawaka, moto hurudi nao mpaka kwenye chupa. Kwa hiyo zima jiko kwanza, kisha fungua mlango pamoja na dirisha.

Kinachokukwamisha ni lile tabaka la juu linalong'aa. Asetoni hailipenyi upesi. Lipige tupa mpaka mng'ao uishe. Paka vaselini kwenye ngozi inayozunguka ukucha. Kata pamba ya ukubwa wa ukucha, iloweshe bila kuchuruzika, kisha funga kidole kwa foili dakika 10 hadi 15. Foili ndiyo jiko lako: inazuia asetoni isiruke na inashika joto la kidole. Jeli ikiwa tayari hujikunja kingo kama ganda la nyanya iliyotiwa maji moto. Isukume taratibu kwa kijiti cha mti. Ikigoma, rudisha foili dakika 5. Ukikwangua unaondoka na tabaka la ukucha wenyewe, ndiyo maana wateja hulalamika kucha zimekuwa nyepesi kama karatasi.

Chupa ya soda iache. Mtoto ataiona maji. Tumia chombo ilichouziwa, au cha kioo chenye kifuniko cha kubana, na ukiandike. Vikombe vyeupe vyepesi vya chai ya kubeba huyeyuka palepale. Mtu akiinywa, usimtapishe, mkimbize hospitali.

SWALI: Naweza kuichanganya asetoni na jiki nisafishe vigae?
Msomaji, Kasarani

JIBU: Hapana. Vikikutana hutengeneza klorofomu, kemikali yenye sumu. Sabuni ya unga na brashi vinatosha.